Uso Niliousinga Mwenyewe

Kwa wenyeji wa pwani yetu, mwanamke hajisingi. Husingwa. Bi harusi hulazwa mkekani, na somo wake, yule mwanamke mzima anayemfunda, hukaa kitako pembeni na bakuli la singo, mchanganyiko wa manukato wa kusugulia mwili, akamsugua kuanzia shingoni hadi nyayoni, huku wanawake wengine wakimtania mpaka acheke bila kutaka. Mimi nilijisinga mwenyewe. Nilijisinga uso tu, Jumanne saa tatu asubuhi, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi nyuma ya nyumba ya kupanga Ukunda, kioo nimekiegemeza kwenye ndoo. Leo nikirudishwa pale nitafanya vilevile, ila manjano nitapunguza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wazazi wangu walikuwa watu wa bara waliopata shamba upande wa Msambweni kabla sijazaliwa, kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa cha pwani na kanisa langu la bara, na kila upande uliniona kuwa wa upande wa pili. Nilikuwa mhudumu wa chumba cha kulia katika hoteli moja ya Diani. Miaka ile ya mwishoni mwa tisini wageni walikuwa wamepungua, hoteli nyingine zimefunga milango, na kila aliyebaki na kazi aliing'ang'ania. Mchumba wangu alikuwa dereva wa magari ya watalii, mtu wa bara kama mimi. Tulikuwa tufunge ndoa Desemba.

Krimu ililetwa na mama yake. Alikuwa akiuza nguo sokoni Ukunda, mwanamke nadhifu, uso wake haukosi poda hata saa sita mchana. Alinipa kopo lisilo na maandishi, akaniambia bi harusi hang'ai hivihivi, hufanyiwa kazi. Sitasingizia kwamba nililazimishwa. Nilitaka. Wiki mbili za mwanzo niling'aa kweli, wenzangu wa jikoni wakaniita mzungu, nami nikawa najitazama kwenye kila kijiko ninachokifuta.

Wiki ya nne mashavu yalianza kuwaka nikipita juani. Ngozi ikachunika, na chini yake pakatokea mabaka, mengine mekundu, mengine meusi kama masizi ya sufuria. Msimamizi wetu aliniita kando akaniambia kwa upole kwamba wageni wanakula, na kwamba kuanzia kesho yake nitakuwa chumba cha dobi. Upole ule uliniudhi kuliko kama angenifokea. Siku hizo nilikunja mashuka nikiwa na hasira hadi pasi ikaniogopa.

Mchumba wangu alisema harusi isogezwe mpaka uso upone. Aliyasema hayo akiwa ndani ya gari, macho kwenye usukani. Mama yake alikuwa na dawa tayari, nayo ilikuwa krimu nyingine, kali zaidi. Alinieleza kwamba ukishaanza huachi katikati, kwa kuwa ukiacha ndipo unapoharibika. Mchungaji alitaka tarehe kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili: nipake krimu ya pili niolewe Desemba, au niiache na harusi niiage.

Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa Mdigo, mwenyeji wa pale, mjane, hana maneno mengi. Asubuhi moja nilipomwamkia shikamoo hakunijibu papo hapo. Alinishika kidevu, akanigeuzia juani kama anayekagua papai.

"Marahaba," akasema. "Nani aliyekufanya hivi?"

"Mwenyewe, mama."

"Basi ulianza mwenyewe, uache mwenyewe."

Jioni alinipa kipande cha liwa, ule mti wenye harufu, na jiwe la kuisugulia. Alinionyesha namna ya kuizungusha juu ya jiwe kwa matone ya maji mpaka ikatoa uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Wanawake wa pale huipaka usoni wakati wa joto, wakaenda nayo dukani, na hakuna anayewashangaa. "Paka, iache ikauke, nawa kwa maji baridi," aliniambia. "Juani jifunike. Na usiongeze kitu."

Niliongeza. Mimi ni mtu ambaye akiambiwa asiongeze, mkono humwasha. Nilikuwa nimeona mabibi harusi wengi wa mtaani wakitoka ndani baada ya kusingwa, ngozi zao laini utadhani zimepakwa siagi, nikajiambia kwamba kitu kinachong'arisha uso mzima hakiwezi kushindwa na uso mgonjwa. Nikangoja Jumanne, siku yangu ya mapumziko, mama mwenye nyumba akiwa amekwenda matangani Tiwi. Nikatwanga mchele nilioloweka usiku kucha, nikatia karafuu chache, liwa, maji ya waridi, na manjano ya dukani, vijiko vitatu vilivyojaa.

Kwanza nilijifukiza. Nilichemsha maji na majani ya mrehani, nikainamia sufuria, nikajifunika kanga. Humo ndani mlikuwa na giza la joto na harufu nzuri, na hakuna mtu wa kunitazama. Kisha nikaanza kujisugua polepole, paji la uso, pua, kidevu, mashavu nikiyaendea kwa ncha za vidole tu. Karafuu ziliuma. Hata hivyo nilifurahi, tena sana. Miezi miwili nilikuwa nikiugusa uso ule kwa kuulaani, na asubuhi ile niliugusa kwa kuuonea huruma.

Maji yote nilikuwa nimeyamaliza kwenye sufuria. Nikachukua ndoo nikaenda mferejini, kwenye bomba la mtaa, hivyo hivyo, singo imenikauka usoni.

Foleni ya wanawake iligeuka, kisha mmoja akapiga vigelegele. Wengine wakaitikia. Kwa watu wale, uso wa manjano unaonukia karafuu na waridi una maana moja tu, ni uso wa mwali aliye ndani akingoja kuolewa. Na mwali hatoki nje, sembuse kuja kuteka maji. Wakaniuliza bwana harusi ni nani, mbona siri hivi, na somo gani huyo anayemwacha mwali wake ajibebee ndoo. Niliwaeleza kwamba najitibu. Wakacheka, wakaniambia hata wao walitibiwa vivyo hivyo.

Nyumbani nilinawa. Singo ilitoka, manjano hayakutoka. Nilisugua kwa sabuni mara tatu, ya nne nikaacha kwa kuwa ngozi ilianza kuwaka tena. Kufika alasiri wanawake wawili walikuwa wameshaleta mchele, wa tatu nazi, na mama mwenye nyumba aliporudi kutoka Tiwi alikuta harusi nyumbani kwake ambayo yeye hakuambiwa.

Aliwashukuru wageni, akawasindikiza, akarudi akasimama mbele yangu.

"Umejisinga mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Anayejisinga ni asiye na watu. Wewe huna watu?"

"Kama ninao, wako wapi?" Sauti yangu ilipanda kuliko ilivyonipasa kwa mtu wa umri wake. "Tangu uso huu uharibike, nani ameugusa isipokuwa mimi?"

"Mimi niliugusa," akasema.

Ilikuwa kweli. Nikalia, na sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa hasira. Aliniacha nilie, kisha akaniambia nimwombe radhi kwa ile sauti, nikamwomba.

Jua lilikuwa halijatua mchumba wangu alipofika na mama yake. Sokoni walikuwa wameambiwa kwamba nimesingwa na kwamba naolewa na Mdigo. Mama yake aliingia bila kupiga hodi. Mama mwenye nyumba akawakaribisha mkekani kana kwamba wamepiga, akaenda kukaa kizingitini.

"Kumbe ni manjano tu," yule mama akasema alipouona uso wangu, akashusha pumzi. Hakuwa na hasira tena. Akatoa kopo kwenye mkoba. "Nilijua ni uongo wa watu. Kaa hapa nikupake mimi mwenyewe, leo tuanze."

Alipolifungua kopo niliitazama mikono yake. Ilikuwa myeupe, na vifundo vya vidole vyeusi tititi. Nikamtazama usoni, kwa karibu, jambo ambalo heshima ilikuwa imenizuia kulifanya. Chini ya poda palikuwa na mabaka meusi ya rangi ya kaniki, kutoka shavu hadi shavu.

Aliona ninapotazama. "Hata mimi ilinichoma hivi mwanzo," akasema, tena kwa upendo, ndiyo maana sijalisahau. "Miaka kumi na miwili sasa. Utazoea."

"Sitaki kuzoea, mama."

"Si upake tu, hii kitu iishe?" mchumba wangu akasema. "Pastor anangoja tarehe."

Nilimpenda mtu yule. Nasema hivyo ili asije mtu akadhani ilikuwa rahisi. Nilimngoja anitazame nikimjibu, akawa anatazama mkeka, basi nikaujibu utosi wake.

"Kama harusi inangoja uso mwingine, isiningoje mimi. Ninao huu. Una mabaka, na leo una manjano mpaka masikioni, na nitautunza kwa mikono yangu. Mwambie mchungaji tarehe yetu awape wengine."

 Mchumba wangu akainuka, akavaa viatu, akaenda kwenye gari. Mama yake hakuinuka. Alilifunika kopo taratibu, akamwangalia mama mwenye nyumba pale kizingitini, akanisogelea, sauti imeshuka.

"Hii liwa yenu. Kwa mtu wa miaka kumi na miwili, inasaidia?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. "Sijui, mama," nikasema. "Vua kitambaa cha kichwa, nikuoshe hiyo poda, tujaribu."

Mkono wake ulikwenda kwenye fundo la kitambaa. Nje honi ikalia, mara moja, halafu mara ya pili kwa kuvuta. Mkono ukashuka.

"Siku nyingine," akasema, akatia kopo mkobani.

Nilikaa Ukunda miaka miwili zaidi. Mashavu yalipona, mabaka mawili yakagoma, na ninayo mpaka leo. Tulikutana sokoni mara nyingi. Kila mara nilimwamkia, uso wangu wazi juani, na kila mara aliniitikia marahaba huku ameinamisha wake.