Kifungu cha Tano cha Mwalimu Barnaba

Mwalimu Barnaba alikuwa mtu wa kujitwisha mizigo. Mwaka 1954 mkaguzi alipofika kwenye chuo cha ualimu cha misheni, huku milimani Ileje, aliuliza: mnasema masomo yenu ni mazito, uzito huo umeandikwa wapi? Walimu wenzake wakainamia viatu vyao. Barnaba akadakia kwamba ataandika yeye.

Akaziandika kweli kanuni za mtihani, wiki tatu nzima. Alikuwa amechoshwa na makasuku, wale wanaomeza daftari na kulitapika siku ya mtihani. Ndipo akaweka kifungu cha tano: mwanachuo ataulizwa na mwalimu aliyemfundisha, uso kwa uso, naye atajibu kwa mdomo, asiyejibu hapati cheti. Mkaguzi akagonga muhuri. Barnaba akatembea kifua mbele mwezi mzima.

Aliyekifurahia zaidi kifungu hicho alikuwa Tusekile, binti aliyezoea kubishana na Barnaba darasani mpaka kengele ilie. Likizo ya Juni binti akaolewa. Na nani? Na Sadoki, mtoto wa Barnaba! Ndoa ilifungwa kanisani, lakini mila ya Wandali iliingia nayo: mkamwana hamtazami baba mkwe, wala hasemi naye. Tangu hapo wakikutana njiani, Tusekile huyo, migombani. Masomo aliyasikiliza akiwa nje, chini ya dirisha.

Jamani, hakuna aliyekikumbuka kifungu cha tano mpaka wiki ya mtihani. Barnaba akaomba mwalimu mwingine aulize. Mkaguzi akamjibu kwa upole kwamba kanuni ikipindishwa kwa ajili ya mke wa mwanawe, kesho hakuna atakayeiamini. Na haki ya Mungu, Barnaba naye angejibu hivyo hivyo.

Siku yenyewe Tusekile akaingia amejifunika kanga mpaka machoni, akaenda moja kwa moja ubaoni, akawapa mgongo Barnaba na mkaguzi. Barnaba akauliza swali la kwanza. Kisha chaki ikaanza kulia. Akayajibu yote manne, na la nne alilijibu vizuri kuliko Barnaba alivyolifundisha.

Mkaguzi akamsogezea Barnaba karatasi ya kanuni. "Soma ulichoandika, Mwalimu."

"Kwa mdomo," Barnaba akasema. Akaandika kwenye fomu: hakujibu.

Tusekile akatoka akiufuata ukuta. Mwanachuo mwingine alikuwa anasubiri mlangoni, na ubao ulikuwa umejaa. Barnaba akachukua kitambaa, akaufuta mwenyewe.