Mzee wangu alikataa kilango cha nguruwe moyoni, nikamwitia mtani

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, wengine niamkieni wenyewe. Haya yametokea kwangu hapa Ziwani, na nikiongeza chumvi mihogo yangu ioze.

Mzee wangu moyo ulichoka. Kutoka kitandani hadi mlangoni anahema kama kapanda mnazi.

Mjukuu wetu ni nesi (ndiyo, najisifu, NESI!), akampeleka kwa daktari. Kumbe kilango cha moyo hakifungi, damu inarudi nyuma. Kinatakiwa kingine.

Cha chuma kipo, ila utameza dawa ya kulainisha damu maisha, na vipimo kila mara. Sisi huku shamba tutaviweza? Daktari akashauri cha mnyama.

Mnyama gani? Nguruwe.

Mzee akawaka. "Wanamaliza mihogo yangu kila msimu, leo niwape na moyo?"

Mjukuu akamwambia, "Babu, hicho ni kigozi tu, kimeoshwa kwa dawa. Watu wanaishi nacho miaka. Kazi ipo kwenye figo au moyo mzima wa nguruwe. Huko nje wanajaribu, lakini mwili unamkataa mgeni."

Shehe naye akasema dharura inaruhusu. Mzee akajibu, "Bora nife."

Nilikuwa silali, namsikiliza pumzi. Nikaona huyu ataniacha kwa ubishi.

Nikamwita Bi Somoe, mtani wake wa Kimakua. Watani wetu mnawajua, hata msibani hawana simile.

Kaja na wenzake. Kalala kwenye mkeka wa mzee barazani, kajifunika shuka gubigubi, eti maiti. Wenzake wakaangua kilio:

"Kafa mbishi! Nguruwe wamerithi shamba!"

Maiti akafunua uso. "Na mke je?"

"Wamemrithi pia!"

Mimi nacheka, machozi yananitoka ya kweli.

Mzee akanyanyuka, kashika ukuta. "Warithi mihogo yangu? Mjukuu, nipeleke Dar!"

Wakuu, karudi na kovu kifuani, shamba anakwenda kwa miguu yake. Juzi kakurupusha nguruwe, Bi Somoe akapaza sauti toka njiani, "Mtani, taratibu, hao wakwe zako!"

Mzee akamrushia muhogo mzima. Ukafika mbali. Nikasema alhamdulillahi.

Nilichojifunza: muulize daktari, muulize shehe, mgonjwa akigoma mwite mtani.

Wewe ungekubali? Sema hapa. Ila asinitukanie mzee mtu, hiyo kazi ina mwenyewe.