Nyundo na Lori Lisilo na Pua

Karakana nzima ilimwita Nyundo, na wala si kwa ufundi wake. Miaka ishirini alitengeneza malori ya Marekani, yale yenye pua ndefu, na miaka hiyohiyo ishirini alimaliza kila ubishi kwa ngumi. Alishamvunja dereva mmoja taya, akamng'oa muuza matairi meno mawili, na karakana tatu zikamfukuza. Ya nne ilimpokea kwa sababu shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, alimdhamini. Dada mwenyewe alimwomba kitu kimoja tu.

"Kaka, ukitaka kupiga watu wa dunia nzima, piga. Huyu niachie."

Shemeji ndiye peke yake pale aliyeyajua malori ya Ulaya, yale bapa, ambayo injini yake iko chini ya kiti cha dereva. Basi kila siku ikawa utani.

"Lori lako halina pua, shemeji. Dereva akigonga, yeye ndiye bampa."

"Na lako likitaka kukata kona, liombe ruhusa mtaa mzima! Ulaya sheria inapima urefu wa lori lote, pua kwa mkia. Sasa pua ya nini? Afadhali mzigo."

"Marekani wanapima trela tu. Pua kila mtu na yake!"

Ukweli ni kwamba Nyundo aliyaogopa yale bapa. La Marekani unavuta boneti mbele, boneti nyepesi ya plastiki, unasimama juu ya tairi na injini yote iko wazi mbele yako. La Ulaya unainua kabini nzima, viti, kitanda na usukani wake, kisha unaingia chini. Alikataa katakata kujifunza, na kiburi kikamfichia woga.

Siku hiyo jeki ya kuinulia kabini ilikuwa inavuja mafuta, kwa hiyo shemeji aliinua kabini, akaitegemeza kwa bomba la chuma, akajipenyeza chini yake mpaka kiunoni. Nyundo akaja ananguruma, spana yake kubwa haionekani.

"Umeichukua wewe!"

"Shemeji, jana si ulimtupia mtu? Katafute nyuma ya ukuta."

Mafundi wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Nyundo alimkamata shemeji mguu akamvuta. Shemeji akamtandika teke la kifua. Hasira zikampofusha Nyundo, naye akalipiga teke lile bomba. Kichwani mwake ilikuwa boneti tu: ikikuangukia inakugonga kisogo, unatukana, yanaisha.

Kabini ikashuka yote. Mkono wa shemeji ukabanwa juu ya injini mpaka karibu na bega, na damu ikatiririka hadi sakafuni.

Nyundo akairukia jeki. Ina kishikio kidogo ubavuni: upande mmoja hupandisha, mwingine hushusha.

"Upande gani? Shemeji, upande gani?"

Shemeji alikuwa na mayowe tu. Wengine wote walikuwa mafundi wa pua, wakabaki kutazamana. Nyundo akakizungusha kulia, akapampu kwa nguvu zake zote, na kabini ikazidi kukandamiza. Mfupa ukasikika ukivunjika. Akakizungusha kushoto, akapampu huku akilia kwa sauti, mpaka kabini ikapanda.

Hospitalini waliukata mkono chini kidogo ya bega.

"Bomba liliteleza," shemeji alimwambia mkewe haraka, macho yake darini.

Dada akageuka, akaishika mikono ya kaka yake yote miwili.

"Asante, kaka. Wameniambia wewe ndiye uliyemtoa."

Nyundo angeweza kunyamaza. Maisha yake yote hakuwahi kuogopa kipigo, na sasa alikitamani.

"Halikuteleza. Nililipiga teke."

Dada aliiachia ile mikono, akajifuta viganja kwenye gauni lake, akaenda kumnywesha mumewe maji.