Kinoo Kilichobaki Makumbusho

Wasomaji wangu, wiki iliyopita tulimzika mtu niliyesoma naye darasa moja karibu na Garsen, nami nimerudi kutoka mazikoni nimejaa hasira. Si kifo kilichonikasirisha, maana alikuwa mzee na aliugua muda mrefu. Ni yule msemaji aliyesimama mbele ya watoto wa marehemu akasema, eti baba yenu alikuwa mtu mwema ila shule hakuipenda. Uongo mtupu, na leo nausema.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mwalimu wetu alitutangazia safari ya makumbusho, mbali kabisa, tukajifunze habari za mawe, na kila mtoto aje na jiwe la kwao. Agizo hilo alilitoa kwenye kitabu kilichoandikwa kwa watu wa milimani. Sisi wa bonde la Tana tumezaliwa juu ya tope. Unaweza kulima kutwa nzima na jembe lisigonge hata kokoto. Wengi tulibeba vigae vya vyungu, mwingine bonge la udongo mkavu. Yeye peke yake alikuja na jiwe la kweli: kinoo cha mama yake, ambacho babu yake alikileta kwa mtumbwi kutoka huko juu mto unakotokea. Nyumba tano zilinolea visu hapo, na mpunga ulikuwa unakaribia kuiva.

Bwana wa makumbusho alikigeuzageuza kile kinoo, akafurahi mno, akakifungia kwenye kabati la kioo. Rafiki yangu akainua mkono, akasema kwa adabu, "Bwana, hilo ni la mama. Ameniazima tu." Bwana akacheka. Mwalimu akamwamuru ashukuru kwa heshima aliyopewa. Akashukuru, machozi yakimtoka, tukapanda lori kurudi kwetu.

Mavuno yale wanawake walikata mpunga kwa visu butu, wengine wakakwanyua masuke kwa vidole hadi vikachanika, na ndege wakala uliobaki. Mama yake alikwenda shuleni mara tatu. Mara mbili mwalimu alimwambia asubiri barua kutoka makumbusho. Mara ya tatu alimshika mwanawe mkono, akamtoa darasani. "Shule yenu imekula jiwe langu," akasema. "Mtoto siwaachii." Na huyo ndiye aliyekuwa akitushinda sote kwa hesabu. Tangu siku hiyo alilima, hadi mgongo ukapinda.

Ukimwambia mtoto alete kitu cha kwao, ujue kwanza kule nyumbani kinafanya kazi gani, kisha uhakikishe kimerudi. Hayo namwambia kila mwalimu. Lakini ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe. Pale kwenye kabati nilisimama karibu naye, nikijua kinoo ni cha nani, maana hata kisu cha mama yangu kilinolewa hapo. Nilinyamaza, nikiogopa kufukuzwa shule. Sikufukuzwa. Nilisoma hadi nikawa mtu wa kuandika magazetini, na wiki iliyopita, msemaji alipotoa uongo wake mbele ya wale watoto, nilinyamaza tena.