Kompyuta Iliyochaguliwa kwa Mizani

Assani anajua dhahabu. Hilo sibishani naye, ingawa ni jirani yangu na mengine yote nabishana naye. Miaka yote aliyokaa Salamabila akinunua kwa wachimbaji, hakuna aliyewahi kumuuzia shaba akaipokea. Alikuwa anachukua punje, anaikuna kwa ukucha, anaitia kwenye mizani yake ndogo, huku punje, huku njiti za kiberiti na sarafu za zamani. Kisha anatamka, na ubishi unaisha.

Kisha shimo moja likaporomoka yeye akiwa amesimama mdomoni. Walimtoa hai, mguu umevunjika. Latifa, mke wake, alipanda pikipiki kutoka hapa Kasongo akamfuata, na pale pale kwenye mkeka wa mgonjwa akamwapisha: hatarudi tena kwenye dhahabu. Assani aliapa. Mtu mwenye mguu uliovunjika huapa vizuri sana.

Basi wakafungua chumba cha michezo hapa mtaani: televisheni mbili, mashine mbili za zamani za kuchezea mpira wa kwenye skrini, sahani ya kunasa umeme wa jua juu ya paa. Vijana walilipa kidogo, wakapiga kelele nyingi, wakatoka na njaa. Mimi ninakaanga mikate mbele ya mlango ule. Sikuwa na sababu ya kulalamika, na bado nililalamika, kwa ajili ya zile kelele.

Lakini mizani ilibaki. Ilikaa chini ya kitanda, imefungwa kwa kitambaa, na kila chumba kikiwa kitupu Assani aliitoa akaipangusa. Latifa alijua. Mtaa mzima ulijua. Mtu aliyeacha pombe kweli hapangusi chupa.

Halafu mashine moja ikafa kwa vumbi, na barabara ya chini kijana anayeitwa Junior akafungua chumba chake, chenye kompyuta ya michezo mipya: vita, magari, mpira ambao wachezaji wanatoka jasho usoni. Vijana walihama wote, na njaa zao. Assani akabaki peke yake kwenye benchi, akianza kuwauliza watu wa pikipiki hali ya Salamabila. Bei ya dhahabu kwanza, afya za watu baadaye.

"Mama Victoire," Latifa aliniambia, akisimama karibu na karai langu, "chumba ikikufa, huyu mutu anarudi kule. Na mara hii watanirudishia maiti." Hakulia. Ningependelea alie.

Ndipo wakaamua kutengeneza kompyuta yao wenyewe, kipande kwa kipande, kwa bei ya maskini. Vipande vilikuwepo. Ayoubu, mfanyabiashara wa sokoni, huleta magunia ya masalia ya ofisi za mbali, mapya na ya kale yamechanganyika. Na maarifa yalikuwepo. Mwalimu Christophe, anayefundisha kompyuta kwenye shule ya misheni, alikuja akala mikate yangu akaeleza.

"Papa Assani, vitu vyote viwe vya rika moja. Prosesa ikubaliane na carte mère, ile ubao mukubwa wa kuchomekea vyote. RAM nayo iwe ya aina yao. Nguvu yako kubwa uiweke kwenye kadi ya picha, sababu michezo inakula picha. Na ile sanduku ya kuleta moto ya umeme, usichukue ya ovyo, itaunguza yote."

"Nimesikia, mwalimu," Assani alisema, akiitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia mahubiri yakirefuka.

Sokoni Ayoubu alitandaza turubai. Alikuwa amekwisha kutenga vipande vizuri, vya rika moja, na kadi nyeusi yenye feni. Assani alivipima kwa kiganja, akavirudisha. Kisha mbele za watu akatoa mizani mfukoni, na mimi niliyefuata kununua unga nikajua tumekwisha.

Alikuna kwa ukucha meno ya kuchomekea ya kila kipande, yale yanayopakwa dhahabu kiwandani. Alikigeuza juani. Vile vipya vilikuwa na rangi ya dhahabu nyembamba kama pumzi, akavitupa kando. Chini kabisa ya gunia akakuta prosesa ya kizamani, nzito, kofia yake ya dhahabu, miguu yake yote ya dhahabu, akaiinua na machozi yakamlenga.

"Tazama! Hii njo prosesa. Ile ingine ni bati."

"Papa, ile ya bati njo ya sasa," Ayoubu alisema.

"Weye unauza. Mimi najua."

Ayoubu akamsogezea gunia. Mfanyabiashara mwaminifu husema kweli mara moja. Akirudia anajiharibia biashara. Basi RAM ikachaguliwa kwa uzito, kadi ya picha kwa urefu wa meno yake, ubao kwa wingi wa madoa ya njano. Vyote vilikuwa vya bei rahisi ajabu, na Assani akaamini amemlaghai Ayoubu. Walipomaliza Ayoubu akauliza, "Na hiyo mizani, Papa? Hauiuzi?" Assani akacheka sana, kama ameulizwa bei ya mguu wake mzima.

Jumapili aliita watu. Vijana walikuja, Junior mwenyewe akaja, amevaa shati jeupe la ibada. Mwalimu Christophe alifungua mfuko, akatoa kipande kimoja, akatoa cha pili, akavijaribu kimoja kimoja. Prosesa haikukaa kwenye ubao. RAM ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake. Kadi ya picha haikuwa na pa kuingia.

"Papa," alisema taratibu, "hii prosesa ni mukubwa wa Cadette kwa miaka." Cadette ni binti yao, ameolewa Kindu, ana watoto.

Junior akauliza kwa adabu kama mashine hii inachezewa mpira au inavaliwa harusini. Vijana walicheka hadi wakashikana. Nami nilicheka, nisiwadanganye. Wahenga walituonya kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Hawakutuonya juu ya kile ambacho ni dhahabu kweli na bado hakifai.

Assani hakujitetea. Alikusanya vipande vyake, akaviweka mfukoni pamoja na mizani, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kama iko zahabu, iko na soko yake. Kesho napanda pikipiki."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alijua soko hilo liko wapi. Niligeuka kumtazama Latifa, na mikate ikaungua.

"Baba Cadette," Latifa alisema, "jicho yako haikukosea. Zahabu iko pale. Lakini hatukutafuta zahabu. Tulitafuta mashine ya kukubakisha hapa." Akaunyooshea mfuko kidole, akaongeza, "Ayoubu anaitaka hiyo mizani. Ukiipeleka kwake, atatoa vile vipande vyepesi. Ukiipeleka Salamabila, usiniletee habari."

Nilimhurumia Assani, nasema wazi. Ile mizani ndiyo ilikuwa heshima yake. Bila mizani alikuwa mzee anayechechemea, mwenye benchi tupu.

Asubuhi alitoka na mfuko begani. Nilimtazama hadi njia panda, kushoto pikipiki, kulia soko. Alisimama pale muda mrefu, akajifanya anafunga kiatu, na alikuwa amevaa kandambili. Kisha akaenda kulia. Niliacha karai na moto, nikamfuata, na yeyote aliyeiba mikate siku ile namsamehe.

Ayoubu alipokea mizani kwa mikono miwili. Alileta vile vipande vya bati: prosesa, ubao, kadi nyeusi yenye feni, kila kitu ambacho mwalimu alikuwa ametaja. Kisha akashindwa kujizuia. Akachukua RAM mpya, nyepesi, akailaza kwenye kisahani cha mizani, akaweka sarafu upande wa pili.

"Papa Assani, nionyeshe basi. Inasema nini?"

Assani hakutazama. Mkono wake ulianza kwenda kwenye njiti za kiberiti, akaurudisha.

"Usipime," alisema. "Funga tu. Mama Cadette ananingoja."