Ngozi ya Upande wa Baba

Kwanza ilikuwa harufu ya sabuni. Mgodi uliwagawia wafanyakazi wake miche migumu yenye rangi ya udongo, sabuni kali ya kung'oa grisi kwenye kombineza za kazi, na mama aliitumia kwangu. Asubuhi, adhuhuri na jioni alinisimamisha ndani ya beseni nyuma ya nyumba yetu ya kambi, Kolwezi, huko Katanga, akanisugua viwiko na nyuma ya magoti kwa kipande cha gunia mpaka maji yakaingia wekundu. Nilikuwa na miaka tisa. Kwenye mikunjo ya viungo ngozi yangu ilikauka, ikapasuka, ikatoa majimaji, kisha ikawasha kiasi kwamba sikuweza kutulia hata kwa sala moja kanisani. Nilijikuna kwa ukuta, kwa kijiko, kwa kisigino cha mguu wa pili.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Muuguzi wa zahanati aliuita ugonjwa ule egzema, akalaumu vumbi la Kingamyambo, mabaki ya madini ambayo upepo wa kiangazi uliyaleta mpaka kwenye sahani zetu. Bibi mzaa mama alituma neno kutoka kaskazini kwamba mama alikula nyama ya mwiko mimba yangu ikiwa changa. Lakini mwaka ule mgodi ulianza kufa, mishahara ikakoma, wanasiasa wakatangaza kwamba watu wenye asili ya Kasai warudi kwao, na ghafla ikabaki sababu moja tu. Mama alikuwa Mkatanga. Baba alikuwa mtu wa Kasai, karani aliyezaliwa Kolwezi na aliyeijua Kasai kwa kusimuliwa tu. Siku moja bombani, tukichota maji, binti wa jirani ambaye tulikuwa tukigawana naye karanga alinitazama mikono, akasema, "Ile ni damu ya baba yako inatoka. Haipatane na mayi ya huku." Wenzake wakacheka. Mimi niliamini. Jioni ile nilimwomba mama asugue kwa nguvu zaidi, na baba alipopita karibu na beseni niligeuza uso.

Vijana wa wanasiasa wale walipokuja kutupa vitu vyetu barabarani, tulikwenda stesheni kama wengine. Wiki baada ya wiki tulilala chini ya karatasi ya plastiki kando ya reli tukingojea behewa la kwenda Kasai, na surua ikapita kati ya watoto, wengine wakazikwa palepale. Kwa hiyo siku behewa letu lilipofika, Mama Ngalula, muuza makayabo, samaki wa chumvi, ambaye watu walimchagua apange foleni, aliniona nikijikuna akanyoosha mkono kunizuia. Alisema kwa upole kwamba ndani mlikuwa na watoto wachanga, na mwenye vidonda asingeingia. Kaka mkubwa wa mama, tuliyemwita tonton, alikuwa pale. Kila siku alituletea ugali, bukari yetu, iliyofungwa kwenye kitambaa. Akamwambia mama, "Umuache kwangu. Akiwa mbali na baba yake, ile bintu itaisha."

Mama alikuwa amenishika mkono, na nikahisi vidole vyake vikilegea. Sikulia. Kwa aibu ambayo bado ninayo, nilifikiri: nitabaki, nitapona, nitakuwa mtu wa hapa.

Ndipo baba akaweka chini mzigo. Sikuwahi kumwona bila shati la mikono mirefu, hata Oktoba, joto linapochoma. Alifungua vifungo, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, mbele ya watu wote. Ngozi pale ilikuwa nene, nyeusi, imechorwa mistari kama udongo uliokauka. Mahali palepale pangu.

"Angalia, mama," alimwambia Mama Ngalula. "Mi niko nayo tangu butoto. Kama inaambukiza, bibi yangu huyu angekuwa sasa mamba." Akamwonyesha mama kwa kidevu.

Mtu akacheka, kisha wawili. Mama Ngalula aliigusa ile ngozi kwa kidole, akaisugua, akatazama kidole chake.

"Basi mupande, tata. Lakini hapana kujikuna karibu ya makayabo yangu."

Tulipanda wote watatu. Ndani ya behewa hapakuwa na maji ya kuoga wala sabuni, na baba alinipaka mawese mikononi kila alasiri, kama mama yake alivyompaka yeye. Tulipofika Kasai mipasuko ilikuwa imeanza kufunga.

Leo naishi Kolwezi tena, na mwanangu ana mikunjo ileile. Daktari alinieleza kwamba ngozi ya namna hii hurithiwa: haishiki unyevu wake, hupitisha kinachoiudhi, nayo sabuni kali, vumbi, jasho na wasiwasi huichokoza. Kwa hiyo mama alikuwa akiniumiza kwa bidii yote ya upendo wake, na yule binti wa bombani alikuwa amegusa ukweli kwa nia mbaya. Siku ile daktari aliuliza ugonjwa umetoka upande gani wa ukoo wangu. Miaka ile swali kama hilo lilitosha kumtoa mtu nyumbani kwake. Hata sasa, uchaguzi ukikaribia, nalisikia likinong'onwa sokoni. Nilijibu, "Wa baba." Aliandika, akaenda kwenye swali la pili. Nilitamani aniulize tena lile la kwanza, nimtaje baba tena bila kugeuza uso.