Luteni Emrys na Mlango wa Ubavuni

Siku moja kabla ya mkasa nilikuwa sokoni Salala nikigombana na muuza nazi. Mtu aliyezaliwa huku Maskati hawezi kunielewa. Sie tuliotoka Unguja tulikuwa tumeshakaa kwenye jeshi la Sultani wa Oman miezi minane tukila dengu na chapati za kambini, kisha tukapelekwa kusini kupigana na waasi kwenye vita vya Dhofar, na huko tukakuta minazi. Nilitaka kulia. Nikanunua gunia zima. Ijumaa tungekula wali wa nazi kwa papa mkavu, na mbuzi ya kukunia nilikuja nayo tangu kwetu, nimeiviringisha ndani ya kanzu.

Tulikuwa watatu kwenye gari moja la deraya. Tukiliita kifaru, ingawa lilikwenda kwa magurudumu sita. Dereva alikuwa Khamis, mtoto wa Malindi, Unguja. Mie Salum nilikuwa mpiga mzinga. Mkubwa wetu alikuwa Luteni Emrys, kijana wa miaka ishirini na mbili kutoka Welisi aliyeazimwa na jeshi la Uingereza, na ukimwita Muingereza atakununia mpaka jioni. Kwao wana lugha yao, alisema, na bibi yake alichapwa shuleni kwa kuisema. Tulimpenda kwa hilo. Sie Unguja tukiitwa Waarabu, na Oman tukaitwa Wazanzibari.

Asubuhi yake tukaamriwa kusindikiza malori ya maji mpaka kambi iliyokuwa mlimani. Gunia sikuthubutu kuliacha nyuma, lingeibwa. Nyuma ya gari kulikuwa na injini, na joto lake lingeziozesha nazi. Kwa hivyo nikalifunga gunia ubavuni, kwa kamba nene, juu ya kile kijilango cha kutokea ikizuka hatari. Emrys akaliona.

"Salum, hilo gunia litoke mlangoni."

"Litatoka, bwana."

Sikulitoa. Nilijiambia safari yenyewe ni ya saa moja tu. Nna kiburi, marehemu mke wangu akinambia kila siku, na alisema kweli.

Bomu lilikuwa limefukiwa bondeni, penye mchanga laini.

Mlio sikuusikia. Nilijikuta nimelala upande, masikio yanavuma, moshi umejaa. Emrys alinikamata ukosi wa shati akanisukuma nje kwa juu, kisha akatoka yeye. Tukajitupa nyuma ya jiwe.

Risasi zikaanza kutoka mlimani.

Khamis hakutoka.

Mlango wake wa mbele ulikuwa umejikunja kama bati bovu. Moto ulishaanza chini ya gari. Tukamsikia anagonga chuma kwa ndani.

Nikajua anagonga wapi.

Emrys naye alijua. Alinitazama mara moja tu. Hakunambia kwamba aliniamrisha. Alisema, "Kisu."

Nikampa changu. Alipaswa kwenda aliyefunga ile kamba, na aliyeifunga ni mie. Miguu ilikataa. Nilikuwa nimelala kifudifudi mchangani, na hivyo hivyo nikabaki. Nimeona haya maisha yangu yote, na nnaona haya ninapoyaandika.

Akainama, akakimbia. Hatua thelathini hivi.

Kamba ilimchelewesha. Baba yangu alikuwa mchukuzi bandarini, alinifunza mafundo yasiyofunguka. Emrys alikata moja, akakata la pili, risasi zinagonga chuma kushoto kwake na kulia kwake. Gunia likaanguka, nazi zikabingirika. Mlango ukafunguka. Akamtoa Khamis kwa makwapa, mguu umevunjika unaning'inia, akaanza kurudi naye kinyumenyume.

Kwenye nusu ya njia akakaa kitako. Nilidhani amechoka.

Ndipo miguu yangu ilipokubali. Nikawavuta nyuma ya jiwe mmoja mmoja. Askari wa kwenye malori walikuwa wakijibu kwa bunduki, na baada ya muda mlima ukanyamaza. Emrys alikuwa amepigwa chini ya kwapa.

"Khamis?" akauliza.

Nikamwambia yu hai. Akaitikia kwa kichwa. Helikopta ilipofika alikuwa keshakufa.

Wakubwa waliponihoji nilisema mlango ulipindwa na bomu. Mama yake Emrys nikamwandikia hayo hayo, kwa Kiingereza nilichosomea Unguja.

Khamis ana gereji Wadi Kabir, hapa Maskati, mpaka leo, ingawa kazi wanafanya wanawe. Ana wajukuu kumi na mmoja. Mwaka huu, baada ya Idi, niliendesha gari kutoka nyumbani kwangu Qurum nikenda kwake. Nilimkuta peke yake kijiofisini, mguu mbovu kauweka juu ya kiti. Nikamweleza yote, gunia, amri na kamba. Sikumtazama usoni nilipokuwa nikisema.

Akamimina kahawa vikombe viwili, akanisogezea changu.

"Nnajua, Salum. Ule mlango niliusukuma kwa bega. Ulikuwa unaachia kidogo tu, nikaliona gunia."

"Miaka yote hii unajua?"

"Ulitaka nikwambie nini? Nazi hata mie nilizitaka. Nilikushikia kamba ulipokuwa ukifunga, umesahau?"

Kweli nilikuwa nimesahau. Nikalia, mtu mzima na mvi zangu, na yeye akangoja mpaka nikamaliza. Tangu siku ile nalala vizuri zaidi, na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu mimi na Khamis tulisameheana kitu ambacho hatukupoteza sisi.

Mama yake Emrys alijibu barua yangu. Mara nyingi nilikaa na karatasi nikataka kumwandikia tena, nikashindwa, na sasa yeye naye keshafariki. Katika barua yake alisema jeshi lilimpelekea maneno mazuri ya ushujaa, lakini hakuna aliyemweleza kwa nini mwanawe alikaa muda mrefu vile penye risasi. Mie peke yangu ndiye niliyemweleza habari ya mlango. Akanishukuru kwa kumwambia ukweli.